Moto wa Mkwe

Bibi Yudith alipoteremka kutoka Rangwi kuja kumlea mwanawe Secilia uzazi, alikuja na mzigo wa kuni kichwani. Kuni, jamani! Nyika yote ya huku chini ni vichaka na miti mikavu, mtu huokota kuni hata bila kukusudia. Lakini yeye alizibeba kuni zake za muwati, mti wa kwao milimani, mteremko mzima, kwa sababu kuni za nyikani, alisema, zinawaka kama karatasi na hazina moto wa maana. Juu ya kuni alikuwa amefunga mablanketi mawili, na ndani ya mablanketi mlikuwa na kofia ya sufu aliyoifuma mwenyewe, ndogo, ya kutosha kichwa cha mtoto mchanga.

Ilikuwa Februari. Kuku wa kijiji cha Tumaini walikuwa wamelala kwenye vivuli vya kuta, mabawa wameyapanua, midomo wazi. Wanakijiji, waliotoka shamba la ujamaa tangu saa nne kwa kushindwa na jua, walikuwa wamelala vilevile, ila wao midomo walikuwa wamefunga. Katikati ya hali hiyo akatokea mama mtu mzima, sweta amefunga vifungo vyote, jasho linamchuruzika mpaka kidevuni, naye hana habari.

Silvano, mume wa Secilia, alimwona kwa mbali. Akatoka njiani, akachutama pembeni, akainamisha macho kama inavyompasa mwanamume anapokutana na mama mkwe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," Bibi Yudith aliuambia mti uliokuwa karibu. "Mtoto ni wa kike au wa kiume?"

"Wa kiume, mama."

"Moto upo?"

Silvano hakuelewa swali. Aliangalia jua, akaangalia mchanga uliokuwa ukimchoma nyayo, akajibu kwa adabu kwamba mafiga yapo nje, nyuma ya nyumba. Bibi Yudith alisonya, akapita.

Sasa, kabla hatujamlaumu mkwe, tumseme kwanza Silvano mwenyewe, maana na yeye ana yake. Serikali ilipotangaza vijiji vya ujamaa, na ardhi ya marehemu baba yake kule Rangwi ikiwa imegawanywa kwa ndugu mpaka kila mmoja amebaki na ukanda wa kupanda maharage tu, Silvano alikuwa wa kwanza kujiandikisha kushuka nyikani. Ardhi ilikuwepo, tambarare, ya bure. Akashuka na mkewe, na akashuka na mabati. Aliyabeba kichwani kwa awamu, njia ya miguu, akipiga kelele kwenye kona ili watu wapishe. Nyumba ya bati ilikuwa ndiyo ndoto yake tangu alipokuwa anatumikia misa. Halafu akajenga kama wajengavyo milimani kwao: kuta nene za udongo, mlango mmoja mwembamba, na dirisha hakuna, ila tundu la kutolea moshi lenye ukubwa wa kiganja. Kule Rangwi, ambako ukungu huingia ndani bila kubisha hodi, nyumba ya namna hiyo ni sifa. Huku chini, jirani yake Fatuma, mzaliwa wa nyika, alikuja siku ya kumaliza kuezeka, akaizunguka nyumba mara moja, akasema:

"Shemeji, hongera. Umefinyanga chungu kizuri, na kifuniko umekiweka."

Silvano alicheka siku ile. Kiangazi cha kwanza hakikumchekesha. Yeye na Secilia waliishi wakilala nje kwenye kitanda cha kamba, nyumba wakaiachia magunia ya mahindi. Kila walipoulizwa, walisema wanapenda kutazama nyota.

Lakini mzazi halali nje. Hilo halina mjadala kwa Wasambaa. Mwanamke aliyejifungua hukaa ndani na mtoto wake, baba haingii chumba hicho wala hamshiki mwanawe, mpaka siku ile mama mlezi atakaposema sasa mtoto ametosha, atolewe nje. Na muda wote huo, chumbani humo, moto hauzimwi. Ndiyo mila. Secilia aliingia ndani kwa hiari yake, akamngoja mama yake. Mama yake alipofika, kabla hata hajanywa maji, alihamisha mafiga kutoka nje, akayapanga kando ya kitanda cha mwanawe, akawasha kuni zake za Rangwi. Akamvika mtoto kofia ya sufu. Akamzungushia flana, na juu ya flana blanketi.

Chini ya bati, jamani. Februari.

Silvano alikuwa ameketi ukutani kwa nje, mahali palipokuwa na kivuli chembamba cha kutosha mtu mmoja aliyejibana. Akasikia kuni zikialika. Akaona moshi ukijaribu kupita kwenye lile tundu. Kisha akamsikia mwanawe, ambaye alikuwa bado hajamwona uso, akilia kilio cha kukatikakatika. Moyo ulimuuma hasa. Alisimama, akaufikia mlango, akakumbuka ndani kuna mkwe, akarudi kuketi.

Mtu asiyejua mambo ya ukwe atasema, si angeingia tu aseme? Hapana. Mkwe haingiliwi alipolala, hatazamwi usoni, na neno lake halirudishwi. Mkiwa na jambo la lazima, mnapitisha kwa mwingine. Na kama hakuna mwingine, mnapitisha kwa kitu chochote kilicho karibu. Bibi Yudith alikuwa hodari wa njia hiyo. Akitaka maji, alikiambia chungu: "Wewe chungu, kama nyumba hii ingekuwa na mwanamume, ungekuwa mtupu namna hii?" Na Silvano, huko nje, alichukua ndoo na kukimbilia mtoni.

Kwa hiyo akaamua kufanya asichoweza kusema. Kama hawezi kuuzima moto, ataipoza nyumba.

Alianza na uwanja. Saa sita mchana alimwaga maji kuzunguka nyumba nzima, mpaka vumbi likatoa harufu ya mvua na kuku wakahamia pale wakidhani neema imeshuka. Kisha alilowesha magunia, akayatundika mlangoni, ili upepo ukipita upite kwenye maji. Kidogo pakapoa. Toka ndani akamsikia Bibi Yudith akimwambia mtoto:

"Unasikia ubaridi huo, baba? Ngoja bibi yako aongeze gogo."

Akaongeza gogo.

Siku iliyofuata Silvano alipanda juu ya bati na ndoo. Maji yalipogusa bati yalilia kama mafuta ya kukaangia, mvuke ukamrukia usoni, na nyayo zake zikapata habari ambayo hazikuisahau. Alimwaga ndoo baada ya ndoo, mpaka bati likaweza kushikika. Fatuma alikuwa kwake, akipepeta mchele, akimtazama. Ndani, Bibi Yudith alisikia matone kwenye bati, akapiga ishara ya msalaba. "Mvua ya kiangazi," alimwambia mtoto. "Mbaya sana hiyo kwa kifua." Yakaenda magogo mawili.

Basi ikawa hivyo. Mmoja anapoza kwa nje, mwingine anapasha kwa ndani, wote wawili kwa mapenzi, na katikati yao mama na mtoto wanaiva. Silvano alikata majani marefu kandokando ya mto, akayatandaza juu ya bati zima, matabaka kwa matabaka, akayafunga kwa kamba za katani. Bati lake alilolitolea jasho kutoka Rangwi halikuonekana tena; nyumba ikawa ya nyasi kama ya kila mtu. Zamani hilo lingemliza. Sasa hakuwa na nafasi. Fatuma alikuja kumsaidia kufunga, naye hakumtania hata kidogo, na Silvano akajua kwamba hali ni mbaya.

"Nitaingia mimi niseme naye," Fatuma alisema. "Mimi si mkwe."

Aliingia. Silvano aliwasikia kupitia ukutani.

"Mama, shikamoo. Mama, huku kwetu mtoto mchanga tunamwacha na kanga moja tu. Huu moto, mama, wa milimani huu."

"Marahaba. Wewe umezaa wangapi, mwanangu?"

"Saba, mama."

"Wazima wangapi?"

"Wote saba, Alhamdulillah."

Silvano alisikia gogo jingine likisukumwa kwenye mafiga. Fatuma alitoka akijifuta macho, akasema ni moshi.

Jioni ile Secilia alikisogelea kile kitundu cha moshi, akamwita mumewe kwa sauti ya chini. Sauti yake ilikuwa imechoka.

"Silvano, mtoto ametoka vipele. Shingoni, kwapani, mgongoni kote. Hanyonyi vizuri. Mama anasema ni hewa ya nyika."

"Ni joto, Secilia."

"Najua ni joto. Lakini mama anasema Jumatatu lori la ushirika likipita kupanda Lushoto, tupande nalo. Mimi na mtoto. Mpaka apate nguvu."

Silvano alishika ukuta. Alikuwa anawajua wanaume wa Tumaini ambao wake zao walipanda mlimani kwa wiki moja. Kristofa, wa nyumba ya tatu, mkewe alikwenda kupumzika tangu mavuno, na sasa Kristofa alikuwa anajipikia mwenyewe na kujiambia kwamba anapenda. Mke akishaionja tena baridi ya kwao, akishalala usingizi usio na mbu, nani atamshusha? Na kurudi wote Rangwi, warudi wapi? Kwenye ukanda upi?

"Wewe unataka kwenda?" aliuliza.

"Mimi nataka mwanangu anyonye," alisema. "Na nataka kulala nje na wewe, kama zamani. Lakini siwezi kumbishia mama. Nimemwomba auzime moto, ameanza kutetemeka, Silvano. Mama yangu! Sijawahi kumwona akitetemeka."

Jumapili Silvano hakwenda kusali. Alikaa ukutani kwake. Secilia alikuwa amelala, mtu angeweza kusikia pumzi zake, na Bibi Yudith alikuwa na mtoto magotini. Akaanza kumsemesha kwa Kisambaa, polepole, kama watu wanavyosema na watoto wasioelewa. Huenda alijua kuna mtu nje, huenda hakujua. Silvano hata leo hana hakika.

Alimwambia kwamba kabla ya mama yake, yaani Secilia, kulikuwa na mtoto mwingine, wa kiume, mweupe wa nyayo kama yeye. Alizaliwa mwezi wa saba, kipindi kile ambacho Rangwi haioni jua. Kuni zote zilikuwa zimelowa. Mama mlezi alikuwa amefiwa, hakuja, kwa hiyo Yudith, binti mdogo tu wakati huo, alikuwa peke yake na moto wake, akiupuliza, akiupuliza. Usiku mmoja usingizi ulimzidi. Alipoamka majivu yalikuwa ya baridi. Akamgusa mtoto.

"Akawa vilevile kama majivu," Bibi Yudith alisema. "Vilevile, baba yangu. Sasa wanataka niuache uzime. Niuache tena?"

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Silvano aliijua methali hiyo tangu shule ya misheni, ameiandika ubaoni kwa mwandiko mzuri, lakini hakuwahi kukaa karibu na mtu aliyeumwa kiasi hicho. Wiki nzima alikuwa anapigana na kichwa kigumu cha mama mkwe, kumbe kichwa kigumu hakikuwepo. Alikuwepo mama aliyekuwa akikesha kwa miaka ishirini na zaidi. Silvano alijisikia aibu, na kisha alijisikia kumpenda, jambo ambalo halina utaratibu wake katika mila za ukwe.

Aliondoka, akaenda kwa Fatuma kuazima panga lake na sururu.

Alipiga hodi kwenye ukuta, siyo mlangoni, upande ule wa kitanda. Kisha akasema, kwa sauti ya kusikika:

"Mwanangu, unanisikia? Mimi ni baba yako. Mwambie bibi yako moto hautazimwa. Mwambie sitaki uzimwe hata mimi. Ila nautaka huku nje, mbele ya macho yake, na nitaulinda mwenyewe. Mwambie ajisogeze, nakata dirisha."

Hakuna aliyesema ndiyo, wala hakuna aliyesema hapana. Silvano alingoja mpaka aliposikia kitanda kikiburutwa, akapiga sururu ya kwanza.

Ukuta alioujenga kwa unene wa sifa ulimtoa jasho. Udongo ulianguka, fito zikakatika moja moja, na ilipofika alasiri palikuwa na uwazi mkubwa wa mraba, mkabala kabisa na mlango wa chumba. Silvano aligeuka upande haraka asije akamwona mkwe. Hatua chache kutoka dirishani, upande ambao upepo ungeupeleka moshi porini, alipanga mafiga mapya, akawasha moto wake. Akaketi kando yake, mgongo kaupa nyumba.

Saa kumi na moja, kama kawaida yake, upepo wa mlimani uliteremka. Ulipita kwenye lile gunia bichi la mlangoni, ukaingia chumbani, na kwa mara ya kwanza tangu nyumba ile ijengwe, ulikuta pa kutokea. Silvano alijua umepita kwa sababu alimsikia Secilia akivuta pumzi ndefu na kusema, "Ee Mungu wangu."

Kisha hakikutokea kitu. Moto wa ndani uliendelea kuwaka. Silvano aliulisha wa nje, akautengeneza, akaupuliza bila sababu ili uonekane unatunzwa. Alihisi macho ya mama mkwe kisogoni. Kila alipotaka kujinyoosha alijizuia, asije akaonekana amechoka. Jua likazama. Bado alikuwa hajainuka.

Ndipo kitu kikagonga kizingiti cha dirisha. Aligeuza macho kidogo: kijinga cha muwati, ncha moja nyekundu, kimeshikwa na mkono wenye mishipa. Alikipokea, akakitia kwenye moto wake. Kikaja cha pili. Kikaja cha tatu. Alipokipokea cha mwisho, ule mkono ulibaki dirishani kwa muda, umefunguka, ukisikiliza upepo. Kisha ukarudi ndani.

Mtoto hakulia tena jioni ile. Silvano alisikia akinyonya kwa pupa, na Secilia akicheka peke yake.

Asubuhi ya Jumatatu moto ulikuwa unawaka, naye alikuwa bado kando yake, macho mekundu kama ya mtu wa pombe, wakati lori lilipopiga honi barabarani. Ndani kulianza pilikapilika. Alisikia vitu vikifungwa. Honi ikalia tena. Basi, alijiambia. Nimefanya niliyoweza. Mtoto amepata usiku mmoja mzuri, na ndio wanaondoka. Hakuweza kumlaumu mtu, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi, kwa sababu lawama ingemsaidia.

"Pokea," sauti ya Bibi Yudith ilisema.

Alisimama, akaenda dirishani ameinamisha macho, akanyoosha mikono kupokea mizigo. Alichowekewa mikononi kilikuwa chepesi, laini, kimefunikwa kanga moja tu. Kikapiga teke.

Silvano aliganda. Alimtazama mtoto, vipele vilikuwa vimeanza kunyauka shingoni. Kichwa hakikuwa na kofia. Kwa kuduwaa kwake aliinua uso, akakutana na macho ya mama mkwe wake, ana kwa ana, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu siku ya posa. Yalikuwa macho ya mtu ambaye amelala usingizi, na ambaye alikuwa bado anashangaa kwamba amelala.

"Nililala," Bibi Yudith alisema. Hakukiambia chungu, wala mti. Alimwambia yeye. "Nimeamka, nikamgusa. Ni wa moto, mwanangu. Ni wa moto wake mwenyewe."

Kisha akaitazama mikono ya Silvano.

"Usimshike hivyo, shika shingo. Eeh. Sasa nenda kamwambie dereva aende zake, hakuna mtu wa kupanda hapa."

Silvano alikwenda. Alivuka uwanja wake uliolowa, akapita kwa Fatuma aliyesimama mlangoni na ufagio mkononi, akaenda mpaka barabarani hatua kwa hatua, kiganja chini ya kichwa cha mwanawe, mwili wake akiutumia kumkinga jua. Dereva alitoa kichwa nje, akauliza abiria wako wapi. Silvano alitikisa kichwa kuonyesha kwamba hakuna. Alibaki amesimama kando ya lori, analia mbele za watu, na mtoto amelala.